Mtoto Aandike kwa Nani?



Jioni moja baada ya kazi, lifungueni daftari la mtoto wenu wa darasa la tano au la sita. Mtakuta kurasa nyingi zimejaa. Mtakuta hesabu, mtakuta maneno yaliyonakiliwa kutoka ubaoni, mtakuta insha yenye kichwa kama "Safari Yetu" au "Mnyama Nimpendaye". Pembeni pana alama ya kalamu nyekundu na namba: 6 juu ya 10, au 4 juu ya 10. Kisha ukurasa unageuzwa, insha nyingine inaanza. Je, ni nani aliyeisoma insha ile? Mwalimu peke yake, naye aliisoma akitafuta makosa. Hakuwa na haja ya kujua safari ilikwendaje. Mwaka ukiisha daftari linauzwa sokoni, na kurasa zake zinafungia karanga.

Mchumaji wa chai hahitaji kufundishwa ubaya wa jambo hili. Tuseme kila siku majani yake yanapimwa, karani anaandika kilo kwenye kadi, halafu majani yote yanamwagwa shimoni. Kilo zingeandikwa na mshahara ungelipwa, lakini haungepita mwezi kabla ya yule mchumaji kuanza kuchuma ovyo, majani magumu na vijiti, maadamu mizani inapanda. Mtoto naye hufanya vivyo hivyo na maneno yake. Anayarundika apate kujaza ukurasa.

Tumeona tuandike juu ya jambo hili kwa sababu wazazi hulalamika katika mikutano ya matawi kwamba vijana wanamaliza shule bila kuweza kueleza jambo kwa maandishi. Kijana ana cheti. Lakini ajali ikitokea kiwandani, hawezi kuandika nusu ukurasa kueleza mashine ilimkataje mwenzake, ilikuwa saa ngapi, nani walikuwapo, na kinga ya mashine iliondolewa tangu lini. Maelezo yanaandikwa na karani wa tajiri, sisi tunatia sahihi au kidole gumba. Kwa hiyo suala la insha si la walimu peke yao.

Katika nchi ya Ufaransa alikuwako mwalimu mmoja aliyelishughulikia suala hili maisha yake yote. Jina lake ni Célestin Freinet. Tunamchagua yeye kwa sababu mbili. Alifundisha watoto wa wakulima na vibarua katika shule duni za serikali, si katika shule za matajiri. Pili, alikuwa mwanachama hodari wa chama cha wafanyakazi cha walimu, na kazi yake ilikua ndani ya chama.

Freinet alizaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Gars, milimani kusini mwa Ufaransa. Alikuwa akisomea ualimu mjini Nice wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipomchukua. Mwaka 1917, katika mapigano ya Chemin des Dames, alijeruhiwa pafu. Alikaa muda mrefu akiuguzwa, na mwezi wa Januari 1920 akapelekwa kufundisha shule ya wavulana ya Bar-sur-Loup, kijiji kisicho mbali na Grasse, mji unaojulikana kwa viwanda vya manukato.

Mwalimu wa zama zile alifundisha kwa sauti. Alisimama mbele, akasema, akafoka, akasomesha imla, na watoto wakaitikia. Freinet hakuwa na pumzi ya kufanya hivyo. Akisema kwa muda kidogo tu alichoka. Tusidhani basi kwamba alianza kwa sababu ya nadharia kubwa aliyoisoma vitabuni. Vitabu alivisoma, na nchi nyingine alikwenda kutazama shule zao, lakini kilichomsukuma kwanza ni pafu bovu. Ilimbidi atafute namna ya kufundisha ambayo kazi ingefanywa na watoto wenyewe.

Alianza kuwatoa nje. Walikwenda mashambani na mtoni, wakapita kwa mfumaji, kwa seremala, kwa mhunzi, wakasimama wakitazama kazi. Huko nje watoto walisema sana. Waliuliza, walibishana, walieleza mambo ya kwao ambayo mwalimu hakuyajua. Wakirudi darasani, kitabu cha kusomea kiliwangoja na habari zisizowahusu, nao walinyamaza. Husimuliwa kwamba siku moja watoto walileta konokono darasani, wakawashindanisha mbio. Kelele zilikuwa nyingi, kila mmoja akimshangilia konokono wake. Mwalimu hakuwafukuza konokono. Aliandika ubaoni yale watoto waliyokuwa wakiyasema, na habari ya mashindano ikawa somo la kusoma la siku ile. Walisoma bila kusukumwa.

Lakini ubao hufutwa. Kesho yake habari ya konokono haipo, na kitabu cha kusomea bado kipo. Hapo ndipo Freinet alipofikiria chapa. Kitabu kina heshima kwa sababu kimechapwa, basi maneno ya watoto nayo yachapwe. Mwaka 1924 alinunua mashine ndogo ya mkono ya kupiga chapa pamoja na herufi za risasi, akaiweka darasani.

Wenzetu wazee waliofanya kazi katika viwanda vya uchapaji kabla ya kompyuta kuingia wataielewa kazi hii upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Herufi ya risasi imechongwa kinyume. Mtoto anaichukua kutoka kisandukuni, anaipanga pamoja na nyenzake katika kishikio, na mstari unasomeka kama unavyosomeka katika kioo. Akichanganya b na d, au n na u, neno linaharibika. Mstari ukikamilika unafungwa, mingine inafuata, wino unapakwa kwa rola, karatasi inawekwa, mashine inabanwa. Kundi moja la watoto linapanga, jingine linapaka wino, jingine linaanika karatasi, jingine linarudisha herufi mahali pake, na hilo la mwisho ndilo linalochukiwa na wote.

Kabla ya kufika kwenye mashine, habari ilikuwa na safari yake. Mtoto aliandika alipotaka na juu ya jambo alilolitaka. Walioandika waliwasomea wenzao kwa sauti, kisha darasa likapiga kura kuchagua habari ya kuchapwa. Iliyochaguliwa iliandikwa ubaoni, na darasa zima likaisahihisha pamoja na mwenyewe: neno hili halieleweki, hapa hukutuambia mbwa alikuwa wa nani, sentensi hii imerudia ile ya juu. Makosa ya tahajia yaliondolewa yote. Jambo hili wapinzani wake hawakuliona: walidhani mwalimu anayewaacha watoto waandike wapendavyo ameziacha sarufi na tahajia. Kumbe zilikazwa zaidi. Kosa katika daftari linaonekana na mtu mmoja. Kosa katika chapa linatoka katika nakala zote, na haliwezi kufutwa kwa raba.

Kila mtoto aliweka karatasi zake pamoja, zikawa kitabu chake. Hata hivyo, tukisimama hapa tutakuwa tumeeleza nusu tu ya jambo. Maana darasa likijisomea lenyewe habari zake, baada ya muda hata hilo linachosha. Wanajuana mno. Mtoto wa Bar-sur-Loup akiandika "jana tulichuma maua ya michungwa", wenzake wote wanajua michungwa iko wapi, inachumwaje, na kwa nini. Hana haja ya kueleza kitu.

Upande wa pili wa Ufaransa, katika jimbo la Bretagne kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, alikuwako mwalimu mwingine, René Daniel, katika wilaya ya Trégunc. Naye alipata mashine ya chapa. Kuanzia mwaka 1926 madarasa haya mawili yalipelekeana kwa posta karatasi zilizochapwa, mara kwa mara, pamoja na barua na vifurushi vya vitu vya kwao. Huku watoto wa milimani, kule watoto wa wavuvi, na kati yao nchi nzima. Hapo mambo yalibadilika. Mtoto wa mlimani hakuweza tena kusema tu kwamba maua yamechumwa. Mwenzake wa pwani hajapata kuona mchungwa una maua. Ilibidi aeleze: huchumwa mwezi gani, kwa mkono au kwa fimbo, mama hulipwa kwa siku au kwa kilo, maua yanakwenda kiwanda gani. Kama hakujua, ilimbidi aende akamwulize mama. Na yule wa pwani alipoandika juu ya mashua isiyorudi kwa wakati, hakuwa akitunga insha ya kupewa namba. Alikuwa akimwambia mtu.

Sisi tunaona siri yote iko hapa. Mashine ilikuwa nzuri, lakini mashine bila msomaji ni chuma tu. Kitu kilichomlazimisha mtoto afikiri ni kule kujua kwamba mbali huko yuko mtu asiyemjua, anayengoja, atakayeuliza asipoelewa, na atakayejibu. Siku hizi ukurasa unafika mbali kwa simu ya mkononi katika dakika moja, bila risasi wala wino. Tunafurahi. Lakini tumeona pia shule zikinunuliwa vifaa vya bei kubwa, na vifaa hivyo vikafungiwa katika chumba cha mwalimu mkuu, au vikatumiwa kunakili yale yale yaliyokuwa yakinakiliwa ubaoni. Kifaa kinauliza swali lile lile la mwaka 1926: nani anangoja kusoma?

Turudi kwa Freinet. Mwalimu mmoja maskini mwenye mashine moja hawezi kufika mbali. Mwaka 1925 alikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na ujumbe wa chama cha walimu. Mwaka 1927, wakati mkutano mkuu wa chama ulipofanyika katika mji wa Tours, walimu waliokuwa wakitumia chapa darasani walikutana hapo hapo. Mwishoni mwa miaka ile ya 1920 walikuwa na ushirika wao wenyewe wa kununua na kutengeneza vifaa: mashine, herufi, wino, karatasi. Walitoa gazeti la watoto lililoitwa La Gerbe, maana yake mganda, likikusanya maandishi ya shule mbalimbali. Kuanzia mwaka 1932 walitoa vijitabu vya kusomea watoto juu ya kazi na historia, vilivyoandikwa na walimu wenyewe. Wanachama wetu walio katika vyama vya akiba na mikopo wanaijua njia hii. Kitu kisichoweza kununuliwa na mtu mmoja kinanunuliwa na watu hamsini.

Sasa tufike kwenye jambo gumu, ambalo wanaomsifu Freinet mara nyingine hulipita haraka.

Mwaka 1928 alihamia Saint-Paul, karibu na mji wa Vence, yeye na mkewe Élise. Shule ya huko ilikuwa mbovu. Vyoo vilikuwa vichafu, jengo lilikuwa hatari kwa afya, na halmashauri ya kijiji ilikuwa haitoi vifaa ambavyo watoto wa maskini walistahili kupata bure. Freinet alilalamika kwa barua, hakusikilizwa. Watoto nao waliyaona mambo hayo, kwa kuwa ndio waliokaa humo. Mmoja aliandika ndoto yake. Katika ndoto ile watoto waliasi kwa sababu meya hakutaka kuwalipia vifaa vya shule, wakapigana naye, na meya akauawa. Ndoto ilichapwa kama habari nyingine zilivyochapwa.

Mwezi wa Desemba 1932 kuta za kijiji zilikutwa zimebandikwa matangazo. Ndoto ya mtoto ilikuwa imenakiliwa humo, na watu wakaulizwa kama hii ndiyo elimu wanayoitaka kwa watoto wao. Magazeti ya mrengo wa kulia yalilidaka jambo hilo, kwanza ya jimbo, kisha ya Paris, likiwamo Action française la Charles Maurras. Mwalimu wa kijiji akawa habari ya nchi nzima. Wazazi waligawanyika, wengine wakawatoa watoto shuleni, wengine wakasimama na mwalimu. Mwezi wa Aprili 1933 kundi la watu lilikwenda kuizingira shule huku watoto wakiwa ndani. Walimu wenzake wa chama walimtetea, na watu wengi mashuhuri waliandika kumtetea. Haikutosha. Mwaka ule ule serikali iliamuru ahamishwe.

Angalieni, ndugu, kilichotokea. Vyoo vilikuwa vichafu kweli. Vifaa vilikuwa havitolewi kweli. Hakuna aliyekwenda kupima vyoo. Kilichopimwa ni ndoto ya mtoto. Mfanyakazi aliyewahi kupeleka malalamiko kwa meneja ataijua desturi hii: unasema paa linavuja, unajibiwa kwamba huna adabu.

Hata hivyo tutasema tunavyofikiri. Mtoto ana haki ya kuota, na ana haki ya kuiandika ndoto yake. Lakini ndoto yenye cheo cha mtu anayetambulikana na kijiji kizima, ikichapwa na kupelekwa nje, haibaki tena ya mtoto. Watu wazima wataitumia, na mtoto hataweza kuizuia. Je, mwalimu aliipima hatari hiyo? Wanaomheshimu hawakubaliani juu ya jambo hili, na sisi wenyewe katika kuandika makala hii tulibishana. Mmoja wetu alisema kwamba kuizuia ndoto ile kungekuwa kuwafundisha watoto kuogopa. Mwingine alijibu kwamba mwalimu angeweza kuwaongoza watoto waandike barua ya kweli kwa meya juu ya vyoo, yenye idadi na tarehe, nayo ingemsumbua meya zaidi kuliko ndoto. Tunayaacha maoni yote mawili.

Freinet hakukubali kumalizwa. Mwaka 1935 alifungua shule yake mwenyewe nje ya Vence, na katika miaka iliyofuata ikawapokea pia watoto wakimbizi waliotoroka vita vya Hispania. Mwaka 1940 alikamatwa, akawekwa kambini kwa sababu ya siasa zake, na baadaye akajiunga na wapinzani wa Wanazi. Baada ya vita kazi ilienea. Alipofariki mwaka 1966 tayari palikuwa na shirikisho la kimataifa la walimu waliofuata njia yake, lililoundwa mwaka 1957. Shule ya Vence ilinunuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1991. Serikali ile ile iliyomhamisha!

Mbegu moja iliyoangukia Italia inatuhusu zaidi sisi watu wa vyama. Huko alikuwako padri Lorenzo Milani. Mwaka 1954 alipelekwa Barbiana, mlimani kaskazini mwa mji wa Firenze, parokia ya nyumba chache zilizotawanyika, bila umeme wala barabara ya maana. Alianzisha shule ya watoto wa wakulima ambao shule za serikali ziliwaangusha mitihani na kuwatupa. Walisoma siku zote za mwaka, Jumapili zikiwamo, na wakubwa waliwafundisha wadogo. Mwaka 1963 alitembelewa na Mario Lodi, mwalimu wa Italia aliyefuata njia ya Freinet, na madarasa yao yakaanza kuandikiana. Kutokana na kuandikiana huko vijana wa Barbiana walijifunza kuandika kitu kimoja watu wengi pamoja.

Namna yao tutaieleza kwa urefu kidogo, maana tawi lolote linaweza kuitumia kesho katika kuandika madai.

Kila mmoja anakaa na karatasi ndogo mfukoni. Wazo likimjia, analiandika papo hapo, wazo moja katika karatasi moja, upande mmoja tu. Siku ikifika, karatasi zote zinamwagwa juu ya meza kubwa. Zinazofanana zinaondolewa, inabaki moja. Zilizobaki zinapangwa mafungu mafungu, na kila fungu linakuwa sura. Ndani ya fungu zinapangwa tena: ipi ije kwanza, ipi ifuate. Ikionekana sura fulani haina kitu, inakufa, nyingine inazaliwa. Ndipo wanapoandika mara ya kwanza, wanarudufu nakala ili kila mmoja awe na yake mkononi, wanakaa na mikasi na gundi, wanakata na kubandika upya. Kisha yanaanza mashindano ya kuondoa: nani ameona neno lisilo na kazi? Nani ameona sentensi yenye mambo mawili? Nani ameona neno ambalo mkulima hatalielewa? Mwisho wanaitwa watu wa nje, mmoja mmoja, na afadhali wawe ni watu ambao hawakukaa shule miaka mingi. Wanasomewa. Wasipoelewa mahali, kosa si lao, mahali pale panaandikwa upya.

Kwa njia hiyo vijana wanane waliandika kitabu kizima, Lettera a una professoressa, yaani Barua kwa Mwalimu, kilichotolewa mwezi wa Mei 1967. Padri Milani alifariki mwezi uliofuata. Kitabu kinamwambia mwalimu aliyewaangusha mitihani kwamba shule inawatupa watoto wa wakulima na wafanyakazi na kuwabakiza watoto wa mabwana, nacho hakisemi kwa hasira tu. Vijana wale walizitafuta hesabu za serikali, wakahesabu wangapi walianza, wangapi walitupwa, na baba zao walikuwa wakifanya kazi gani. Kilisomwa sana viwandani. Mwaka 1973 wafanyakazi wa vyuma wa Italia walipata katika mkataba wao haki ya masomo yenye mshahara, hadi saa 150 katika miaka mitatu, na maelfu ya watu waliokuwa wametupwa na shule walirudi kusoma usiku na mchana.

Mtu atasema: hizo ni habari za Ulaya, huko kuna karatasi. Kwetu darasa moja lina watoto themanini, na mwalimu mwenyewe hajalipwa kwa wakati. Ni kweli. Mwalimu wa watoto themanini hawezi kusahihisha insha themanini kila wiki, wala sisi hatuthubutu kumdai. Lakini tazameni tena kazi ya Bar-sur-Loup. Mwalimu hakusahihisha habari zote usiku peke yake. Darasa lilisahihisha habari moja, mchana, kwa pamoja, na kila mtoto akaiona kazi ya kusahihisha inavyofanywa. Hapo mwalimu anapunguziwa mzigo.

Pia wazazi wanauliza juu ya mtihani. Mtihani hauulizi habari za konokono. Sisi tunaona mtoto aliyezoea kueleza jambo kwa mtu asiyelijua hatashindwa na swali la mtihani linalomwambia aeleze. Lakini hatutaki kumdanganya mzazi: kazi hii inakula saa za darasa, na ikianzishwa mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho mtagombana na mwalimu bure. Ianze darasa la nne au la tano.

Vifaa havihitaji fedha za kutisha. Gazeti la ukutani linataka karatasi kubwa, gundi ya unga wa muhogo, na ukuta usiolowa mvua. Liwekwe mahali watu wanapopita: penye mizani, kwenye lango la kiwanda, kwenye zahanati. Likiwekwa ndani ya darasa limekufa. Mahali ambapo ofisi ya tawi ina mashine ya kurudufu au kompyuta yenye printa, karatasi ishirini kwa mwezi kwa ajili ya shule si mzigo kwa chama.

Na barua. Shule ya shamba la chai iandikiane na shule ya kiwanda cha sukari, au ya bandarini, hata ng'ambo ya mpaka. Watoto wa mashamba yetu makubwa wana wazazi waliotoka mahali pengi, na lugha za nyumbani ni nyingi. Kiswahili ndicho kitakachobeba barua hizo, na mtoto atakiandika vizuri zaidi akijua kinakwenda mahali fulani. Mtoto wa sukari amweleze wa chai jinsi miwa inavyochomwa kabla ya kukatwa na kwa nini nguo za baba hurudi nyeusi. Wa chai ajibu kwa nini mama huondoka alfajiri na mvua.

Tunaonya jambo moja, kwa sababu ya Saint-Paul. Habari za watoto wa shambani zitagusa nyumba za kambi, maji, vyoo, na mnyapara. Haiwezekani zisiguse. Hapo kamati ya wazazi na viongozi wa tawi wawe wamekwisha kuzungumza na mwalimu kabla, wala wasimwache asimame peke yake. Lalamiko la kweli lipelekwe na watu wazima, kwa jina la tawi. Asitangulizwe mtoto. Na karatasi inayotoka nje ya shule isiwe na jina la mtoto wala la mtu anayelalamikiwa.

Shule itakayotoa gazeti la ukutani au karatasi ya kurudufu, tunaiomba ituletee nakala moja kwa kupitia katibu wa tawi. Tutaisoma sisi wenyewe hapa ofisini, na tutawajibu watoto kwa barua, tukiwauliza yale ambayo hatukuyaelewa. Juu ya karatasi iandikwe darasa, jina la shamba au kiwanda, na tarehe.